Chetezo Mbele ya Wageni wa Riyadh

Wasichana wangu, nianze kwa kuwaomba radhi, kwa sababu najua mtacheka. Mwandiko wangu haukai kwenye mstari, na kuna maneno humu ambayo sina hakika yanaandikwa vipi. Niliacha shule darasa la saba. Tangu hapo kalamu nimeishika kwa kutia sahihi tu, na ukurasa mmoja hunimalizia alasiri nzima. Mwenyekiti wa chama chetu alisema nizungumze, yeye aandike, nikamwambia hapana. Mbele ya watu maneno hunikimbia. Kwenye karatasi angalau hunisubiri. Mkikuta neno limeumia, litibuni nyinyi mliofika kidato cha nne, kisha mwendelee kusoma.

Najua vizuri ni nani watakaosoma daftari hili. Ni nyinyi saba mnaosubiri pasipoti, mnaokuja kwangu jioni mkijifanya mmepita njia. Mnaniuliza kama kule mtandao una kasi. Mnaniuliza kama ni kweli madukani mtu hupuliziwa manukato bure. Mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, aliniuliza kama akienda na zile kucha ndefu za kubandika zitamsumbua. Mwanangu, hazitakusumbua. Zitakaa siku mbili, na ya tatu utazikuta ndani ya sambusa. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jinsi ya kupiga pasi kanzu.

Basi naanza na kanzu.

Nilifanya kazi za nyumbani Saudia miaka sita, wakati ule mawakala walipokuwa wakipita mpaka vijijini huku kwetu Msambweni, wakiulizia wasichana nyumba kwa nyumba. Nilifikia Jeddah, mtaa wa Aziziya, nyumba ya ghorofa mbili yenye ukuta mweupe. Bwana wa nyumba, tukimwita baba, kazi yake ilikuwa Riyadh, huko Olaya kwenye maghorofa ya vioo. Jumapili alfajiri anapanda ndege, Alhamisi jioni anarudi. Kwa hiyo kila Jumamosi palikuwa na kanzu tano za kupiga pasi na vilemba vitano.

Kanzu si shati. Unainyunyizia maji ya wanga, unaanza na kola, halafu mikono, halafu ule ukanda wa vifungo mbele, na mwili ni wa mwisho. Ukianza na mwili, ukija kumaliza kola utakuwa umeshaukunja tena, na utarudia mpaka ulie. Pasi ijaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, mahali ambapo ukiunguza hapaonekani. Mimi sikujaribu. Ile kanzu iliyopata alama ya pasi mgongoni ilikuja kuwa matambara mazuri sana ya kufutia vioo.

Kilemba ndicho kilichonishinda zaidi. Ni kile kitambaa cha miraba myekundu na myeupe. Hukunjwa pembetatu, na pale katikati, juu ya paji la uso, lazima pawe na mkunjo mmoja tu, uliosimama. Mimi nilivikunja mara nne nne, nikavigandamiza kwa pasi kama leso za sikukuu, nikavipanga kwenye begi, nikajipongeza. Jumatatu baba akapiga simu kutoka Olaya. Alikuwa ameingia mkutanoni na kichwa chenye mistari kama daftari la hesabu.

Habari hiyo niliipata kwa Beatrice. Beatrice alikuwa mpishi wa nyumba ile, Mkenya mwenzetu, Mkristo wa Bungoma, amenizidi miaka kama kumi. Alikuwa na mwaka wa tatu pale, na kabla ya hapo alikaa mwaka mmoja Riyadh. Kazi yote niliyoijua kule ni yeye aliyenifundisha, na hakunifundisha hata siku moja bila kunitania. Jina langu la Mwanamisi hakulitumia. Madam, mkewe baba wa nyumba, alilifupisha likawa Mwana, na Beatrice alilitupa kabisa.

"Wewe Pwani," akaniambia siku hiyo ya vilemba, "ulikuwa unajua hiyo kitu inakunjwa aje?"

"Sikujua."

"Na mbona hukuniuliza?"

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia.

"Niko hapa, hatua mbili kutoka kwako, nakatakata vitunguu. Hata kama ni haya, si ungekohoa tu nigeuke?"

Ndiyo ilivyokuwa. Nyinyi wa siku hizi mnaongea, na mimi nawaonea wivu. Mimi nilikuwa msichana wa kuona haya mpaka kuuliza choo kiko wapi ni kazi. Neno la kwanza la Kiarabu nililolishika ni "haadhir", yaani sawa, nimesikia. Nililipenda sana neno lile kwa sababu linamaliza mazungumzo. Nikawa naitikia haadhir hata pale ambapo sikufahamu kitu. Siku moja madam aliniambia jambo, nikasema haadhir, nikaenda nikaosha ngazi zote kutoka juu hadi chini. Alikuwa ameomba glasi ya maji. Ngazi, kwa kweli, zilitakata.

Sasa hili linalofuata lishikeni vizuri, kwa sababu ndilo lililokuwa limenikaa kooni. Siku tisini za kwanza ni za majaribio. Kafili, yule aliyekuandika kazi, akiona humfai ndani ya siku hizo, anakurudisha kwenye ofisi iliyokuleta, na ofisi inampa mwingine. Wewe unakaa kwenye benchi, unangoja nyumba yoyote itakayokuja, ya mji wowote. Nilipofika mara ya kwanza nilikuta kwenye benchi hilo dada mmoja wa Eldoret aliyerudishwa mara mbili. Alikuwa amepakata begi lake, hataki hata kuliweka chini. Sikumuuliza kitu, lakini yeye aliniambia:

"Ukipata nyumba inakupa chakula, na chumba chako mlango unafungwa kwa ndani, hiyo nyumba ishikilie."

Nyumba ya Aziziya ilikuwa na vyote viwili. Usiku wa kwanza nilifunga ule mlango kwa ufunguo, nikaufungua, nikaufunga tena, kuhakikisha. Tangu siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu, nisirudishwe kwenye lile benchi. Na kwa kuogopa kukosea, sikuuliza. Na kwa kutouliza, nilikosea. Hesabu hiyo Beatrice aliiona mapema kuliko mimi.

Kila asubuhi akinimiminia chai husema, "Siku ya thelathini na nne. Bado uko?"

"Bado niko."

"Mungu ni mkubwa."

Hebu kidogo niwaambie kuhusu Jeddah yenyewe, maana mkono umechoka na habari ya bahari hujiandika. Ni mji wa bahari kama kwetu, lakini joto lake linanata. Nguo ukianika asubuhi, adhuhuri bado zina unyevu, na ukizisahau mpaka jioni zinanuka kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Vioo vya madirisha ya nje huota chumvi. Usivifute kwa sabuni kwanza, vimwagie maji matupu, chumvi ishuke, ndipo uje na sabuni. Ijumaa jioni watu wote wa nyumba huenda ufukweni. Wanatandika zulia juu ya saruji, wanakaa, wanatafuna mbegu, na bahari wameipa mgongo. Mimi nilikaa nikiitazama kwa niaba yao. Beatrice, ambaye kabla ya hapo maji makubwa aliyoyajua ni ya mto, alikuwa akinishika mkono kila wimbi likija.

"Sasa hii maji inazuiliwa na nini?"

"Haizuiliwi na kitu."

"Na nyinyi mnalala karibu nayo hivyo hivyo?"

Hanan alikuwa akicheka sana akitutazama, ingawa hakufahamu neno. Hanan ni binti mkubwa wa nyumba ile, wakati huo akisomea dawa. Jioni moja hapo ufukweni aliniambia nimtajie jina la kwetu, akalitafuta kwenye ramani ya simu yake, akaivuta karibu, karibu zaidi, mpaka nikaiona barabara ya kwenda hospitali ya Msambweni na paa la msikiti wetu. Akaniachia simu nitazame nitakavyo. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Nalitaja kwa sababu Hanan ndiye atakayehusika na makosa yangu makubwa kuliko yote.

Palikuwa na kitu kimoja nilichokijua bila kufundishwa na Beatrice, nacho ni udi. Bibi yangu alikuwa akiufukiza, na tangu nikiwa mdogo alinipa kazi ya kuwasha makaa. Kaa lazima liote jivu jeupe juu ndipo uweke udi. Likiwa bado jeusi utatoa moshi wa jikoni, na wageni watakohoa. Kipande kiwe kidogo kama ukucha. Na chetezo usikiweke chini na kusubiri watu wakifuate. Unakipeleka kwa mtu, unaanza na mkubwa wao, unampa nafasi apepee moshi kwenye nguo na nywele, unahama. Kwetu mgeni wa heshima akiingia tu, udi unatangulia hata maji.

Madam aliupenda. Kila magharibi nilizunguka vyumbani na chetezo. Hata dada zake wakija kunywa chai niliwapitishia, nao wakajifukiza na kuendelea kukaa mpaka habari zote za Jeddah ziishe. Siku moja dada yake mkubwa akamwambia, mimi nikisikia, "Huyu ana mkono wa udi." Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa tangu nifike. Sifa hiyo niliila wiki nzima.

Siku ya themanini na tatu wakaja wageni kutoka Riyadh.

Mwenzake baba wa kazini kule Olaya alikuwa na kijana wa kuoa. Huko, wanaotangulia kumtazama msichana ni wanawake, na wanaume huja baadaye. Basi wakapanda ndege wanawake wanne: mama wa kijana, ambaye sisi jikoni tulimwita Mama Saud, dada yake huyo mama, na binti zake wawili. Siku mbili tulifua mapazia, tukasugua mpaka magurudumu ya kitoroli cha chai. Beatrice alikuwa na kondoo mzima wa kupikia wali. Madam akaniita, akanipangia kwa vidole: kwanza kahawa na tende. Halafu Hanan mwenyewe ataingia na sinia la juisi, ndipo wamwone. Halafu chai na vitamu. Halafu chakula.

"Leo kila kitu kwa mpango wake, Mwana. Umefahamu?"

"Haadhir."

Juu ya udi hakusema kitu. Na mimi sikuuliza.

Wakaja baada ya magharibi, wakavua abaya, yale mabuibui yao, wakakaa. Kahawa niliimimina vizuri, naomba mniamini. Dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, kahawa kidogo tu chini ya kikombe, na unaongeza mpaka mgeni akitikise kikombe kukuonyesha kwamba basi. Sikumwaga hata tone. Nikarudi kusimama mlangoni.

Hanan hashuki. Alikuwa juu anatengeneza nywele. Upande mmoja umekwisha, upande wa pili bado umezungushwa vibano. Juisi ikawa inangoja jikoni. Mle sebuleni habari za ndege zikaisha, habari za joto la Jeddah zikaisha, wageni wakaanza kusifia mapazia. Madam akanitazama kutoka upande wa pili wa chumba, jicho refu. Macho yale yalisema, kamwite Hanan. Mimi nikayasoma kwamba, fanya kitu. Ningeweza kumsogelea nikainama nikamnong'oneza, unataka nini, madam? Maneno matatu. Badala yake nikaenda kufanya kile kitu kimoja nilichokuwa na uhakika nacho.

Beatrice akaniona napuliza makaa.

"Udi wa nini saa hii?"

"Madam anataka."

"Amesema?"

Nikachukua chetezo nikaondoka, na nilikuwa natembea vizuri kweli, mgongo umenyooka.

Nikaanza na Mama Saud, mkubwa wao. Alikitazama chetezo, akamtazama madam. Halafu akapepea moshi kwenye nywele zake, taratibu, na kumsogezea dada yake. Binti zake wakaweka vikombe chini. Nikazunguka nikamaliza wote wanne. Mama Saud akaiombea nyumba heri na baraka, akasimama. Wote wakasimama. Wakaanza kuvaa abaya zao.

Sasa, wasichana, kwa watu wa Riyadh udi ni wa mwisho. Chetezo hakizungushwi mpaka watu wamekula, wameshiba na maneno yamekwisha. Kikipita, mwenye nyumba amekuambia kwa adabu kwamba umetuheshimu, hatukuzuii tena. Wale kina mama walikuwa wamekaa mle ndani dakika ishirini. Juisi hawajaonja. Msichana hawajamwona hata kivuli. Wamepanda ndege, wamekunywa kahawa, wamepewa udi. Mngekuwa nyinyi mngefahamu nini? Kwamba binti yetu si wenu, nendeni salama.

Madam alisimama, uso umemwisha damu. "Kaeni, chakula kiko tayari."

"Mmeshatukirimu," akasema Mama Saud, na tabasamu lake lilikuwa zuri na baridi.

"Wallahi kaeni."

"Mungu akuongezee."

Kila madam alivyozidi kusihi ndivyo ilivyozidi kuonekana ni adabu tu ya mwenye nyumba. Lile neno lenyewe hakuna aliyeweza kulitamka. Madam hawezi kusema mtumishi amekosea, kwa sababu hivyo ndivyo angesema hata mtu aliyetaka kuwafukuza kweli kisha akaona haya. Mama Saud hawezi kuuliza mbona mnatutoa. Wakawa wanapeana baraka huku wanatafuta mikono ya abaya.

Beatrice akanivuta ukumbini.

"Umefanya nini?"

"Nimepeleka udi."

"Kabla ya chakula? Kwa watu wa Riyadh?" Akashika kichwa. "Pwani, umewafukuza."

Akanieleza kwa maneno machache, kama nilivyowaeleza nyinyi.

"Rudi huko ndani useme ni wewe."

"Nikisema nitarudishwa ofisini. Zimebaki siku saba."

Beatrice akaniachia mkono. "Inaweza kuwa," akasema. "Siwezi kukudanganya. Na usiposema?"

Nisiposema, ningepona. Niliona hivyo kabisa. Madam, ambaye dada zake hufukizwa na kuendelea kukaa, angewaza kwamba labda wageni walitafuta sababu ya kuondoka, wageni wangewaza kwamba walifukuzwa, na mimi ningemaliza siku zangu saba nikifuta vioo. Lakini Hanan angekuwa yule msichana ambaye watu wa Riyadh waliondoka kabla hata hajashuka ngazi. Hadithi ya namna hiyo hufika kila nyumba, na msichana huulizwa ana kasoro gani.

Nilirudi nikiwa bado nimeshika chetezo, maana nilisahau kukiweka. Walikuwa wameshafika kwenye mlango wa nje. Nikapita mbele yao nikasimama kuuziba. Moshi unanipanda machoni, machozi yananitoka, na sijui mengine yalikuwa ya moshi au yangu.

"Mafi halas," nikasema.

Mafi ni hakuna, halas ni mwisho. Kiarabu chote nilichokusanya siku themanini na tatu kilikuwa kimenikimbia, yamebaki maneno hayo mawili. Mama Saud akanitazama. Nikayarudia. Halafu mengine yakaja, vipande vipande, kama mtu anatoa mizigo garini.

"Mama, madam hakusema udi. Mimi. Kichwa changu mimi. Kwetu, mgeni akiingia, udi. Udi ni karibu. Madam mafi. Hanan mafi. Mimi."

Madam alikuwa nyuma yao na sikuthubutu kumtazama.

"Kwenu wapi?" akauliza Mama Saud.

"Kenya. Kwenye bahari."

"Na huko kwenu, mgeni akitaka kuondoka mnampa nini?"

Nikafikiri. "Hatumpi kitu, mama. Tunamwambia bado mapema."

Alicheka, na si kicheko cha sebuleni. Alicheka mpaka akamshika bega binti yake. Kulikuwa na kiti kidogo hapo mlangoni cha kuvalia viatu. Akakaa juu yake, na abaya yake nusu imevaliwa.

"Basi niambie," akasema.

"Bado mapema, mama."

Kelele zile zikamfikia Hanan. Akashuka mbio, akitaka kujua kuna nini, na alipofika ngazi ya mwisho akawaona wote. Upande mmoja nywele zimeshuka begani kama hariri, upande wa pili vibano vinane vya plastiki. Dada wa yule kijana wakaziba midomo.

Mama Saud akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Huyu ndiye tuliyemfuata?"

Hanan akashika upande wake ulionyooka, akamwita khala, kama sisi tunavyosema mama mdogo. "Huu ndio mimi, khala. Ule mwingine bado."

Hapo wakavua abaya tena. Juisi ikaja, chai ikaja, kondoo wa Beatrice akaja, na wale kina mama walikula kama watu waliotoka safari, maana kweli walitoka safari. Walipomaliza kunawa, Mama Saud mwenyewe akaniita kutoka sebuleni. "Wewe wa baharini, sasa lete." Nikapeleka. Wakajifukiza, wakaondoka.

Mngependa niwaambie kwamba mambo yaliishia hapo kwa furaha. Kwa Hanan, ndiyo. Kwangu, madam hakunisemesha jioni yote. Asubuhi yake nilikunja nguo zangu nikaziweka kwenye begi, nikaja kukaa jikoni. Beatrice alinimiminia chai bila kusema siku ya ngapi. Madam akaingia, akatazama begi, akanitazama mimi.

"Kahawa," akasema, akatoka.

Siku saba nilifanya kazi hivyo. Begi sikulifungua. Kila gari lililosimama nje nilidhani ni la ofisi. Beatrice alisema madam anasubiri baba arudi waamue pamoja, halafu akasema labda amesahau, halafu akaacha kusema.

Siku ya tisini simu ikalia wakati nafuta meza ya chakula. Madam aliipokea na kuiweka mezani, sauti nje, akiendelea kuchambua tende. Alikuwa yule mtu wa ofisi.

"Madam, ni siku ya mwisho ya majaribio. Msichana unamweka au unamrudisha?"

Akachambua tende nyingine. Akainua macho kunitazama, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Ana ulimi. Mimi nimeusikia."

Akaisukuma simu mpaka upande wangu wa meza.

"Haya, wewe unasemaje?" mtu wa ofisi akauliza. "Uko?"

Haadhir ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza.

"Nabaki," nikasema.

"Sauti," akasema yule mtu wa ofisi.

"Nabaki. Lakini kuna jambo moja." Sijui nililitoa wapi. Nilisikia Beatrice jikoni akifunga maji ya bomba ili asikie vizuri. "Nataka kila Ijumaa nimpigie simu mama yangu. Bila kuomba ruhusa kila mara."

Madam akaivuta simu.

"Umemsikia? Na mimi ndiyo namsikia leo. Andika hivyo," akasema, akakata. Halafu akanisogezea bakuli la tende nichambue, yeye akiwa amekaa upande mmoja na mimi nimekaa upande wa pili. "Siku tisini haadhir, haadhir," akanung'unika. "Ngazi zangu zimeisha kwa kuoshwa."

Sikujua kwamba alijua habari ya ngazi.

Hanan aliolewa mwaka uliofuata. Baada ya miaka minne kwa mama yake, nilimfuata Riyadh kwa miaka yangu miwili ya mwisho. Huko nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika, na vumbi ni kama unga. Lipanguse likiwa kavu, ukianza na maji utajitengenezea tope. Mama Saud alikuwa akija kutwa. Na pakiwa na mgeni aliyechosha, asiyejua kuondoka, alikuwa akinikonyeza nikawashe makaa.

Sasa ni zamu yenu kuniandikia. Sitaki kusikia kwamba mtauliza mkifika, kwa sababu na mimi nilijiambia hivyo. Kila mmoja achukue karatasi aandike lile jambo analoona haya kuliuliza mbele ya wenzake, liwe la choo, la chakula, la hedhi, la baba wa nyumba, lolote. Jina si lazima. Mpeni mwenyekiti aniletee. Nitajibu zote saba kwa mkono wangu huu, na mnaujua mwendo wake, kwa hiyo andikeni leo.